Ujue Udongo wa Ploti Yako Kabla ya Kuchimba Msingi

Kila msimu wa mvua malalamiko ni yale yale. Ukuta uliokuwa mzima mwezi wa Januari una ufa ifikapo Juni. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama. Choo cha shimo kimetitia, na mtaro uliochimbwa jana umebomoka usiku. Lawama humwendea fundi, au saruji, au mwenye duka aliyeuza vyuma. Lakini mara nyingi chanzo kiko chini ya hivyo vyote: ni udongo wenyewe, ambao haukuangaliwa na mtu yeyote kabla ya ujenzi kuanza.

Makala haya yanaeleza jinsi wahandisi wanavyoupima udongo na kuupanga katika makundi, aina zinazopatikana Trans Nzoia, na mambo ambayo mkazi wa Kipsongo, Tuwan, Matisi, Kiminini au Endebess anaweza kuyakagua mwenyewe kabla hajatumia shilingi ya kwanza kununua saruji.

Udongo wa mkulima na udongo wa mjenzi

Trans Nzoia ni kaunti ya mahindi, na karibu kila familia inaujua udongo kwa jicho la mkulima. Mkulima anataka udongo mwororo, mweusi kwa mboji, unaoshika maji na kupitisha mizizi. Mjenzi anataka kinyume chake: udongo uliokaza, usio na mboji, usiobadilika sana maji yanapoingia au kutoka. Ndiyo maana shamba zuri la mahindi si lazima liwe mahali pazuri pa nyumba.

Tabaka la juu lenye mizizi na majani yaliyooza halifai kubeba msingi wala sakafu. Mboji huendelea kuoza chini ya nyumba, nafasi hubaki wazi, na sakafu hushuka. Tabaka hilo huondolewa lote mpaka udongo safi uonekane. Lisitupwe, ndilo zuri kwa bustani ya sukuma wiki nyuma ya nyumba.

Kwa mhandisi, udongo ni vitu vitatu pamoja: chembe ngumu, maji na hewa. Mita moja ya mraba iliyochimbwa hadi kina cha mita moja hutoa udongo wenye uzito wa kati ya tani 1.6 na tani 2, na sehemu kubwa ya nafasi yake ni vijitundu vilivyojaa maji au hewa. Nyumba inapoukalia udongo huo, vijitundu hubanwa na ardhi hushuka. Katika mchanga, maji hutoka haraka na ardhi hushuka wakati ujenzi ungali unaendelea. Katika mfinyanzi maji hutoka polepole mno, hivyo nyumba inaweza kuendelea kushuka kwa miezi au hata miaka baada ya wenyewe kuhamia. Mhandisi Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague, ndiye aliyeeleza jambo hilo kwa hesabu katika kitabu chake cha mwaka 1925, na elimu ya kisasa ya udongo wa ujenzi inahesabiwa kuanzia hapo.

Nyumba ikishuka yote kwa kiasi kimoja, mara nyingi hakuna madhara makubwa. Hatari ni pale upande mmoja unaposhuka kuliko mwingine. Nyufa zinazopanda kama ngazi kwenye viungo vya matofali, au zinazoanzia kwenye pembe za madirisha, mara nyingi ni dalili ya hali hiyo.

Kwanza, ukubwa wa chembe

Njia ya kwanza ya kuupanga udongo ni kuuchekecha. Maabara hutumia chekecheke zenye matundu yanayopungua ukubwa, kisha hupima uzito wa kilichobaki juu ya kila moja. Kwa vipimo vya Uingereza, ambavyo vimetumika Kenya kwa miaka mingi, mgawanyo ni huu:

- Changarawe: chembe za milimita 2 hadi 60.
- Mchanga: milimita 0.06 hadi 2. Chembe zake huonekana kwa macho na hukwaruza vidoleni.
- Tope laini: milimita 0.002 hadi 0.06. Likikauka ni kama unga, na hupanguswa mkononi kwa urahisi.
- Mfinyanzi: chini ya milimita 0.002. Hunata, hung'aa ukisuguliwa kwa ukucha, na ukikauka huwa mgumu kama tofali.

Ni nadra kupata udongo wa aina moja tupu. Karibu udongo wote ni mchanganyiko, na mchanganyiko mzuri ni ule wenye chembe za kila ukubwa, ambapo ndogo hujaza nafasi kati ya kubwa. Maramu nzuri ya barabara ni hivyo: changarawe, mchanga na mfinyanzi kidogo wa kuvishikanisha. Mchanga wenye chembe za ukubwa mmoja hauwezi kukaza vizuri hata ukishindiliwa siku nzima.

Pili, maji

Kwa udongo wenye chembe kubwa, kuchekecha kunatosha kueleza mengi. Kwa mfinyanzi na tope laini hakutoshi, kwa sababu tabia yake hubadilika kulingana na maji. Mfinyanzi huo huo unaweza kuwa mgumu kama jiwe mwezi wa Februari, ukafinyangika Aprili, na kutiririka kama uji Agosti.

Mwaka 1911 mkemia wa Uswidi, Albert Atterberg, alipendekeza kupima ni kiasi gani cha maji kinachouvusha udongo kutoka hali moja hadi nyingine. Vipimo viwili kati ya vile alivyopendekeza hutumika hadi leo katika maabara duniani kote:

- Kikomo cha kufinyangika: kiasi cha maji ambapo udongo ukiviringishwa kuwa uzi wa milimita 3 huanza kukatikakatika.
- Kikomo cha kutiririka: kiasi cha maji ambapo udongo huacha kufinyangika na kuanza kutiririka.

Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayomwambia mhandisi jinsi udongo ulivyo na tabia ya kubadilika. Tuchukue mfano. Sampuli ya kwanza, udongo mweusi wa bondeni, inaanza kutiririka maji yakiwa asilimia 65 ya uzito wa udongo mkavu, na kikomo chake cha kufinyangika ni asilimia 28. Tofauti ni 37. Sampuli ya pili, udongo mwekundu wa mlimani, ina asilimia 48 na asilimia 30. Tofauti ni 18. Zote mbili huchafua viatu vile vile siku ya mvua, lakini ya kwanza ina nafasi kubwa zaidi ya kuvimba na kusinyaa. Nyumba juu ya sampuli ya kwanza inahitaji msingi wa namna nyingine kabisa.

Majina ya makundi

Vipimo vikishapatikana, udongo hupewa jina ambalo mhandisi yeyote atalielewa, awe Kitale au Dar es Salaam. Mfumo unaotumika zaidi duniani ulitokana na kazi ya Arthur Casagrande, aliyeutengeneza miaka ya 1940 kwa ajili ya viwanja vya ndege vya kijeshi nchini Marekani. Hutumia herufi mbili. Herufi ya kwanza hutaja aina: G kwa changarawe, S kwa mchanga, M kwa tope laini, C kwa mfinyanzi, O kwa udongo wenye mboji. Ya pili hutaja hali: W kwa mchanganyiko mzuri wa chembe, P kwa mchanganyiko mbaya, L kwa udongo usiobadilika sana na maji, H kwa unaobadilika sana. Ripoti ya maabara ikisema CH, maana yake ni mfinyanzi unaovimba na kusinyaa sana, na mwenye ploti anapaswa kuuliza maswali zaidi. Ikisema GW, amebahatika.

Kwa barabara kuna mpangilio mwingine. Mwongozo wa Usanifu wa Barabara wa Kenya wa mwaka 1987 uliupanga udongo wa chini ya barabara katika madaraja sita, S1 hadi S6, kwa kipimo kinachoitwa CBR, ambacho kilianzia California. Katika kipimo hicho, chuma cha mviringo husukumwa ndani ya udongo ulioshindiliwa, na nguvu inayohitajika hulinganishwa na ile ya kusukuma ndani ya mawe yaliyosagwa. Daraja la S1 lina asilimia 2 hadi 5 tu. S6 ni zaidi ya asilimia 30. Hii ndiyo sababu barabara mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana sana kwa gharama: ile inayopita juu ya S1 inahitaji tabaka nene zaidi za maramu na mawe kabla ya lami, na tabaka hizo zikipunguzwa ili kuokoa pesa, mashimo huonekana baada ya misimu michache.

Udongo wa Trans Nzoia

Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Mlima Elgon ukiwa magharibi na Milima ya Cherangani mashariki. Sura hiyo ya nchi ndiyo inayoamua udongo. Kwa ujumla mkazi atakutana na aina nne.

*Udongo mwekundu wa Mlima Elgon.* Elgon ni volkano iliyozimika, na miamba yake imeoza kwa muda mrefu ikawa udongo mwekundu wenye kina kirefu. Una mfinyanzi mwingi, lakini chembe zake zimeshikana katika vibonge vidogo, hivyo hupitisha maji vizuri kuliko mtu anavyotarajia. Kwenye tambarare hubeba nyumba za kawaida bila shida kubwa. Kwenye mteremko mkali ni habari nyingine, kama itakavyoelezwa.

*Udongo wa kahawia na mwekundu wa uwanda.* Huu hupatikana sehemu kubwa ya Kitale, Kiminini na Kwanza. Umetokana na miamba ya kale sana, una mchanga zaidi, na mahali pengi chini yake kuna tabaka la maramu: changarawe nyekundu iliyoshikanishwa na madini ya chuma. Maramu ngumu ni msingi mzuri. Tahadhari ni mbili. Tabaka hilo halina unene mmoja kila mahali. Pengine ni ganda jembamba lenye udongo laini chini yake. Pia maji ya mvua hukaa juu yake, hivyo shimo linaweza kujaa maji wakati wa mvua hata kama kiangazi lilikuwa kavu.

*Mfinyanzi mweusi au wa kijivu wa mabondeni.* Uko kwenye vinamasi na kando ya mito inayoelekea Nzoia. Ni wa jamii moja na ule mweusi unaowasumbua wajenzi wa Embakasi, Athi River na tambarare za Kano. Dalili zake ni rahisi: nyufa pana ardhini mwezi wa Januari na Februari, matete au mafunjo yanayoota wenyewe, na udongo unaokwama kwenye jembe kama gundi. Ukilowa huvimba na kuinua kuta. Ukikauka husinyaa na kuziacha zikining'inia. Kwa kuwa mvua hulowesha kando ya nyumba kabla ya katikati, kando huinuka kwanza, na hapo ndipo milango huanza kukwama.

*Udongo wa kujaza.* Huu haukuletwa na mlima wala mto. Umeletwa na watu. Katika mitaa iliyokaliwa kwa muda mrefu na yenye nyumba zilizokaribiana, kama Kipsongo, ardhi ya juu inaweza kuwa mchanganyiko wa kifusi, majivu, taka na mashimo ya zamani ya vyoo yaliyofukiwa. Penginepo ni mashimo yaliyoachwa na wachoma matofali. Kwa macho ploti ni tambarare na safi, na bei yake ni nafuu. Chini, upande mmoja ni maramu na upande wa pili ni taka laini za kina cha mita mbili. Huu ndio udongo hatari kuliko wote kwa msingi, kwa sababu hauna tabia moja. Majirani wakongwe ndio ramani bora: waulizwe palikuwa na nini hapo miaka 20 iliyopita.

Udongo unaweza kubeba uzito gani?

Hesabu yake si ngumu. Ukuta wa nyumba ya chini isiyo na ghorofa, pamoja na paa, unaweza kuwa na uzito wa tani 3 hivi kwa kila mita ya urefu. Ukikaa juu ya msingi wenye upana wa sentimita 60, kila mita ya mraba ya udongo hubeba tani 5. Kwa makadirio yanayotumika katika kanuni za Uingereza, mfinyanzi laini hubeba chini ya tani 7.5 kwa mita ya mraba, mfinyanzi uliokaza kiasi tani 7.5 hadi 15, mfinyanzi mgumu tani 15 hadi 30, na changarawe iliyobana sana zaidi ya tani 60. Kwa hiyo nyumba ya chini inaweza kusimama hata juu ya udongo dhaifu kidogo.

Sasa mwenye ploti anaamua kuongeza ghorofa mbili kwa ajili ya wapangaji. Uzito unafika, tuseme, tani 12 kwa kila mita ya ukuta. Kwa msingi ule ule wa sentimita 60, udongo sasa unabebeshwa tani 20 kwa mita ya mraba. Maramu iliyobana itavumilia; mfinyanzi laini hautavumilia. Msingi wa nyumba ya chini haugeuki kuwa wa ghorofa kwa sababu kodi imepanda.

Kaunti inayohifadhi mahindi ina sababu ya kuujua mkasa wa Transcona, karibu na Winnipeg, Kanada. Mnamo Oktoba 1913, maghala marefu ya nafaka yaliyokuwa mapya yalikuwa yakijazwa kwa mara ya kwanza. Saruji yake ilikuwa imara, vyuma vilikuwa imara. Mfinyanzi wa chini haukuweza kubeba uzito huo. Katika muda wa siku moja hivi jengo zima liliinama kiasi cha nyuzi 27, likiwa karibu bila kupasuka. Baadaye lilinyanyuliwa na kuwekewa msingi mpya uliofika kwenye mwamba. Maghala hayo hayakuangushwa na ujenzi mbovu. Udongo uliokuwa chini ya msingi haukupimwa ipasavyo.

Mkasa wa karibu zaidi ni wa Huruma, Nairobi, usiku wa Aprili 29, 2016, ambapo jengo la ghorofa lililosimama kando ya mto lilianguka wakati wa mvua kubwa na kuua zaidi ya watu 50.

Kushindilia

Udongo wa kujazia chini ya sakafu hushindiliwa ili kuondoa hewa. Ralph Proctor, mhandisi wa mabwawa huko California, alionyesha mwaka 1933 kwamba kila udongo una kiasi chake cha maji kinachofaa. Ukiwa mkavu mno, chembe hazitelezi kupangika. Ukiwa na maji mengi mno, maji huchukua nafasi na hayabanwi. Mtihani wa mkononi ni huu: finya konzi ya udongo. Ukishika umbo na kuvunjika vipande vichache ukiangushwa, uko tayari. Ukimwagika kama vumbi, uongezwe maji; ukiacha maji kiganjani, uachwe ukauke.

Kosa linaloonekana zaidi mjini ni kujaza sentimita 60 kwa mkupuo kisha kushindilia juu. Nguvu ya kushindilia kwa mkono haifiki chini. Inakaza tabaka la juu tu, na la chini hubaki tifutifu. Udongo unapaswa kuwekwa kwa tabaka nyembamba, takriban sentimita 15, kila moja ikishindiliwa kabla ya nyingine kumwagwa.

Mteremko

Udongo mwekundu wa Elgon husimama vizuri ukiwa mkavu kwa sababu chembe zake zinasuguana na kushikana. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, maji hujaa kwenye vijitundu na kuzisukuma chembe ziachane, huku yakiongeza uzito wa mteremko. Mtu akiwa amekata sehemu ya chini ya mteremko ili kupata ploti tambarare, ameondoa kile kilichokuwa kikishikilia sehemu ya juu. Hapo mteremko unahitaji mvua moja tu.

Upande wa pili wa mlima huu huu, katika wilaya ya Bududa, Uganda, maporomoko ya Machi 1, 2010 yalifunika kijiji cha Nametsi na kuua au kupoteza mamia ya watu. Kwa majirani wetu wa Pokot Magharibi, usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019, maporomoko yaliua zaidi ya watu 50. Wakazi wa sehemu za juu za Endebess, Saboti na Cherangany, pamoja na wenzao wa Mlima Elgon upande wa Bungoma, wanapaswa kuzijua dalili: nyufa ndefu zinazopinda juu ya mteremko, miti na nguzo zinazoinama, chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu, na maji ya kijito yanayogeuka matope ghafla au kupungua ghafla wakati mvua inaendelea. Dalili hizo zikionekana, familia ihame kwanza, kisha chifu na afisa wa wadi wajulishwe. Mali hufuatwa baadaye.

Choo, kisima na mtaro

Udongo unaamua pia usalama wa choo cha shimo. Katika udongo wa mchanga au wa kujaza, kuta za shimo hubomoka, hivyo shimo lijengewe kwa matofali au mawe kuanzia chini, si kwenye shingo peke yake. Katika mfinyanzi wa bondeni, maji ya ardhini hupanda wakati wa mvua na kulijaza shimo. Choo cha kuinuliwa juu ya ardhi kinafaa zaidi. Umbali unaotajwa mara nyingi kati ya choo na kisima ni mita 30, lakini udongo wa mchanga hupitisha uchafu haraka kuliko mfinyanzi, na mteremko nao una sauti yake. Kisima kisiwe chini ya choo. Kabla ya kuchimba, afisa wa afya ya umma aombwe ushauri.

Mtaro wenye kina kinachopita kifua usichimbwe bila kuta zake kuegemezwa mbao au kulazwa kwa mshazari. Mita moja ya mraba iliyochimbwa kina cha mita moja ni karibu tani mbili, na mtu aliyefunikwa hadi kifuani hawezi kupumua. Udongo uliochimbwa usirundikwe ukingoni.

Vipimo vitatu vya kufanya nyumbani

1. *Chupa.* Jaza udongo hadi theluthi moja ya chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, kisha iache. Mchanga hutua kwa dakika moja au mbili, tope laini kwa saa chache, mfinyanzi kwa siku nzima au zaidi. Unene wa kila tabaka unaonyesha mchanganyiko.
2. *Uzi.* Viringisha udongo mbichi kuwa uzi mwembamba kama njiti ya kiberiti. Ukikataa kabisa, una mchanga au tope laini nyingi. Ukikubali, hata ukaupinda kuwa pete bila kukatika, ni mfinyanzi wenye tabia ya kubadilika.
3. *Shimo.* Chimba shimo la mita moja na nusu karibu na mahali pa nyumba, si ndani ya mstari wa msingi. Tazama tabaka, rangi, taka na maji. Chimba la pili kona ya mkabala. Mashimo mawili yakitofautiana sana, usiendelee bila mtaalamu. Yafunikwe ili watoto na mifugo wasitumbukie.

Vipimo hivi vinaonyesha kama kuna jambo la kuuliza. Havichukui nafasi ya maabara, hasa kwa ghorofa, ploti ya bondeni, ploti iliyojazwa au ya mteremko.

Kabla ya kuanza kujenga

Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kibali cha ujenzi hutolewa na serikali ya kaunti, na ombi hupitia ofisi ya mipango. Michoro ya jengo la ghorofa huandaliwa na wataalamu waliosajiliwa. Mhandisi awe amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na mkandarasi na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Mkazi ana haki ya kuwaomba vyeti vyao.

Mkazi amuulize mhandisi maswali manne: Udongo huu uko katika kundi gani? Umechimba hadi kina gani kuuangalia? Maji ya ardhini yako wapi wakati wa mvua? Msingi huu umekadiriwa kubeba ghorofa ngapi? Majibu yaandikwe na kuhifadhiwa pamoja na hati za ploti, kwa sababu atakayetaka kuongeza ghorofa baada ya miaka 10 atayahitaji.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa kwenye udongo mbaya, hatua ya bei nafuu ni kudhibiti maji: gata kwenye paa, mfereji unaopeleka maji mbali na kuta, na ukanda wa saruji kuzunguka nyumba. Miti mikubwa, hasa mikaratusi inayonyonya maji mengi, isipandwe karibu na ukuta ulio juu ya mfinyanzi. Ufa uwekewe alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zake. Ukiendelea kurefuka kupita alama, usipakwe plasta na kusahauliwa, aitwe mhandisi.